Mlango wa Mjapani

Jumanne nilikuwa ofisi ya wakala wa mizigo pale jengo la Tianxiu, huku kwa Wachina, nikingoja marobota yangu yapimwe. Pembeni yangu alikaa mama wa Kariakoo, mfanyabiashara asiyejua kusubiri. Hata ujumbe wa sauti wa mwanawe aliusikiliza kwa spidi mara mbili.

Karani, binti wa Kitanzania anayesoma chuo hapahapa, alikuwa akitazama filamu ya Kijapani kwenye kompyuta. Duka la mwanamume mmoja liliangushwa na tetemeko, mkewe akafia humo. Sasa limejengwa upya, lakini kila asubuhi anafika mlangoni, anashika ufunguo, anarudi nyumbani.

"Mwanangu, hebu peleka mbele," mama akasema. "Huyu atatuzeesha."

"Nikipeleka mbele, mama, hutaona kitu. Filamu yenyewe ndiyo hiyo."

Mama akasonya. Lakini yule bwana aliporudi nyumbani mara ya tatu, mama aliilaza simu mapajani.

"Duka langu liliungua mwaka juzi," akaniambia, macho kwenye filamu. "Tangu hapo nanunulia watu tu. Kile kirobota cha vitenge nimekinunua, sijui hata cha nini."

Tukaitwa kwenye mzani.

"Subirini," mama akasema. "Hajafungua."

Tukasubiri. Mjapani akafungua, akapangusa rafu moja, akakaa. Basi.

Kwenye mzani, marobota ya mama yalikuwa na majina ya wateja, isipokuwa kile kidogo.

"Hiki cha nani, mama?" karani akauliza.

Mama akaomba kalamu ya maka, akaandika jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa, polepole kabisa. Mimi ninayelalamikia foleni kila wiki hapa, nilisimama nyuma yake na wala sikutazama saa.