Alikandwa Kama Mzazi, Mshono Ukafumuka

Saa moja asubuhi, jua bado halijashuka bondeni. Prisca Kobelo amesimama ndani ya kijito juu kidogo ya Bigwa, maji yakimfika magotini. Mbele yake kuna gunia la karoti. Analisugua kwa mguu, huku na huku, mpaka udongo uishe na maji yaanze kutoka meupe.

Mara anaacha. Anakunja ncha ya khanga yake, anaikandamiza tumboni kwa mikono yote miwili, ndipo anakohoa.

"Walinifundisha wodini," anasema. "Kabla hujakohoa, shika tumbo. Usipolishika linataka kutoka."

Wanawake waliotua matenga yao ukingoni wanamtazama na kucheka.

"Prisca, mtoto anacheza leo?" anauliza Shamsia, ambaye huteremsha ndizi kila siku kwa njia hiyo.

"Amelala," Prisca anajibu. "Ana mwaka na nusu humu ndani, hana haraka ya kutoka."

Wanacheka tena, na yeye anacheka nao. Kisha wanajitwisha na kuondoka, na uso wake unarudi kama ulivyokuwa.

Hana mimba. Kando ya kitovu ana uvimbe unaolingana na embe bolibo. Ni ngiri, imetokea pale mshono wa upasuaji ulipofumuka.

Prisca ana miaka thelathini na sita. Kitongoji chao kipo mwendo wa saa mbili kwa miguu juu ya Bigwa, na kwa miaka kumi na minne alishuka kila siku ya soko na tenga la karoti zake mwenyewe kichwani. Leo anaosha za wenzake. Gunia moja ni shilingi mia tano, na siku nzuri huosha magunia manane.

"Zamani nilipita hapa bila hata kutua," anasema. "Walioosha tuliwaita wazee."

Machi mwaka jana, akiwa njiani na tenga, tumbo lilimkata. Alidhani ni njaa. Jioni lilikuwa limejaa kama ngoma, hapati choo wala upepo, anatapika maji ya kijani. Vijana wa kitongoji walifunga blanketi kwenye miti miwili wakamteremsha.

Hospitali walikuta utumbo umejisokota na kipande chake kimeshakufa. Walikikata, wakaunga penye uzima.

Anayekumbuka siku zile vizuri kuliko Prisca mwenyewe ni mama yake mdogo, Scholastika, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Alilala chini ya kitanda cha wodi siku saba.

"Kila asubuhi nesi anakuja, anauliza, 'Umetoa upepo?'" Scholastika anasimulia. "Huyu ana aibu, mjomba wake amesimama pale, anafunika uso na shuka. Siku ya nne nikausikia mwenyewe. Nilipiga vigelegele wodi nzima ikaamka! Mjomba akatoka nje."

Nesi huyo ni Hafidha, ambaye bado anafanya kazi katika wodi ileile. Anasema Prisca alikuwa mgonjwa mzuri. Siku mbili za mwanzo alichomwa sindano za maumivu, kisha akapewa vidonge vya kumeza kwa saa, iwe anaumwa au haumwi. Siku ya pili tu alisimamishwa, na ya tatu akatembea hadi dirishani.

"Watu wanafikiri dawa ya maumivu ni ya kumlaza mgonjwa," Hafidha anasema. "Ni ya kumwinua. Akiumwa hatembei, hakohoi, hapumui vizuri. Asipotembea utumbo nao unalala."

Siku ya nane Prisca aliruhusiwa, na vidonge vya wiki mbili kwenye bahasha. Aliambiwa atembee kidogo kila siku, asibebe kitu wala kulima kwa miezi mitatu, mshono ukae mkavu.

Nyumbani, Scholastika alikuwa ameshatandika kitanda cha ndani, karibu na jiko.

Katika kitongoji kile, Scholastika ndiye anayeitwa mtu akijifungua. Humkanda mzazi kwa maji ya moto asubuhi na jioni, humfunga tumbo kwa khanga na kulikaza, humweka ndani mpaka arobaini. Anasema amewafunga wanawake zaidi ya thelathini, na wote matumbo yao yamerudi. Kwake, tumbo lililopasuliwa lilikuwa tumbo lililofunguka kuliko la mzazi yeyote.

"Kama huyu aliyetoa mtoto anafungwa," anasema, "je, aliyetolewa utumbo?"

Basi akamkanda. Alichovya kitambaa kwenye maji yanayofuka moshi, akakandamiza kuanzia mbavuni kushuka chini, juu ya mshono wenye siku tisa. Kisha akamfunga kwa khanga ya bluu, akakaza kwa goti.

Vidonge navyo havikudumu. Prisca alikuwa na siku tatu bila choo, na Scholastika aliona kosa ni la dawa. Aliitia bahasha ndani ya chungu cha mbegu, akafunika.

"Niliumwa mpaka nikawa nauma mkono," Prisca anasema. "Wodini, na tumbo langu limetoka kukatwa, nilitembea. Nyumbani nilishindwa kugeuka. Namwambia, 'Mama, nipe hata kimoja.' Ananiambia, 'Vumilia mwanangu, ndiyo linafunga.'"

Kwa nini hakukataa? Prisca anainua karoti moja, anaitazama, anairudisha majini.

"Ungemkataaje? Alikuwa analia huku ananikanda."

Siku ya tano ya kufungwa, khanga ilifunguliwa ikiwa imelowa usaha. Mshono ulikuwa umefumuka urefu wa kiganja. Blanketi likafungwa tena kwenye miti, akateremshwa mara ya pili. Safari hii kidonda kiliachwa wazi ili kipone kutoka ndani. Kilisafishwa kila siku kwa wiki kumi na moja. Ngozi ilikuja kufunga, lakini nyama ya chini haikushikana, na kila alipokohoa kitu kilisukuma kutoka ndani.

Hafidha anazungumzia siku ile aliyomruhusu Prisca akiwa ameangalia chini. "Nilimwambia asibebe, asilime, asilowanishe. Kufungwa sikusema. Na mimi mwenyewe nilikandwa na mama yangu nilipojifungua. Nilijua kabisa kinachofanyika huko nyumbani, ila sikufikiria."

Hasara ya Prisca haikuishia mwilini. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, nayo hupitia kwa wanawake, lakini mwenye sauti ni mjomba. Shamba lisilolimwa hutafutiwa mtu. Masika ya mwaka huu, mjomba Ignas alimpa Judith, binti wa mama mkubwa, matuta ya Prisca.

"Sijamnyang'anya," Ignas anasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuulizwa mara nyingi. "Shamba haliugui. Akipona kabla ya masika ijayo, ashike jembe lake, hata mimi nitafurahi."

Tatizo ni migomba. Judith ameshaandaa machipukizi kumi na mawili, ameyapanga kwenye kivuli nyuma ya nyumba, anasubiri masika ayapande. Karoti hung'olewa, na shamba hurudi. Mgomba ukishika mizizi, aliyeupanda haondolewi.

"Nikimwamkia mjomba namwambia shikamoo, ananijibu marahaba huku anaangalia tumbo langu," Prisca anasema. "Hesabu yake naijua."

Jumatatu ijayo atapasuliwa tena, safari hii kuwekewa wavu wa kushikilia nyama za tumbo. Daktari amemwambia miezi mitatu ya kutobeba. Ni Septemba sasa. Mshono ukifunga vizuri, Januari atakuwa na nguvu za kushika jembe. Ukifumuka, masika itamkuta kitandani.

Na wa kumuuguza ni yuleyule. Mumewe alikwenda Ngerengere kutafuta kibarua miaka sita iliyopita na hakurudi. Watoto wake wawili bado wanasoma.

Kwa mwaka na nusu Scholastika amewaambia majirani, "Huyu yuko hai kwa mikono yangu, hospitali walishindwa." Prisca amesikia maneno hayo msibani, jumuiyani na hapa kijitoni. Hakuwahi kujibu.

Asubuhi hii Scholastika anashuka na kikapu, uji ndani ya chupa ya chai. Anamsogezea binti yake gunia, anamwekea uji juu ya jiwe, kisha anasema jambo lililomleta.

"Jumatatu si mbali. Ile khanga ya bluu iko wapi, niifue mapema?"

Prisca anaonyesha ukingoni. Mafungu ya karoti yaliyokwisha kuoshwa yamepangwa juu ya majani ya mgomba, kila fungu limefungwa shingoni kwa utepe wa kitambaa. Tepe zote ni za bluu.

"Nimeichana, mama."

Scholastika anainama, anashika fungu moja, anapapasa utepe.

"Sasa nitakufunga na nini?"

"Hutanifunga."

Scholastika bado ameshika karoti.

"Kwa hiyo wewe unasema ni mimi."

Prisca anakandamiza tumbo, anakohoa, anapangusa mdomo.

"Ni wewe, mama."

Scholastika anakaa juu ya jiwe kando ya uji, mgongo ameupa kijito, na kwa muda mrefu mabega yake tu ndiyo yanayosogea. Prisca hamfuati. Anamalizia gunia la nne, analifungua la tano.

Baadaye, bila kugeuka, Scholastika anauliza, "Na vidonge?"

"Nitavitunza mwenyewe. Nitameza kwa saa, nitembee mpaka mlangoni, kesho yake mpaka kwenye matuta yangu, Judith anione."

"Utashindwa peke yako."

"Ndiyo. Utanishika mkono." Anamwaga karoti majini. "Mkono tu, mama. Tumbo uliache."