Bafu la Mzee Thian-lai

Kwa miaka mingi Siok-hun aliuguza wagonjwa mahututi, watu wasioweza hata kusema wanaumwa wapi. Hospitali ilipofungua kliniki ya wauguzi ya kuwapunguzia adha wagonjwa wa mapafu, aliomba mwenyewe kuhamia huko. Alitaka wagonjwa wa kumjibu.

Mzee Thian-lai alimjibu kupita kiasi. Alikuwa amechimba makaa ya mawe tangu ujana, vumbi likamganda mapafuni, na sasa kila baada ya maneno matatu ilibidi atue. Hata hivyo hakuacha kugombana na mkewe, A-kim.

"Muuguzi, nisaidie kumkanya huyu," A-kim alisema siku ya kwanza. "Haogi! Majirani wanasema mimi ndiye mchafu."

"Mwongo... huyu," mzee alihema.

"Wiki ya pili hii!"

Siok-hun alisogeza kiti. "Baba, ukiingia bafuni, kinachokushinda ni nini?"

Mzee aliyatazama magoti yake, kisha akaeleza polepole. Mlango ukifungwa na mvuke ukajaa, akiinua mikono tu kujisugua kichwa, pumzi inakatika. Hapo hujiona yuko tena mgodini, siku dari lilipoporomoka. Habari za mgodi A-kim alizijua. Hizi za bafuni hakuwahi kuzisikia.

Siok-hun alizungumza na daktari, wakakubaliana mzee apewe morfini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, kidogo mno, anywe kabla ya kuoga.

"Hiyo si ya... wanaokufa?"

"Hata wanaohema inawafaa. Mapafu haitayaponya, sikudanganyi. Itakupunguzia kule kutapatapa."

"Nikisinzia humo bafuni je?"

"Nitakuwepo. Nitakumwagia maji baridi."

Mzee alicheka, akakohoa, akakubali.

Siku ya kwenda nyumbani kwa mzee, mvua ya mji wa Keelung ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake. Siok-hun alipanda ngazi na kigoda cha plastiki kwapani. Dawa ilipokwisha kukolea, mzee alikalia kigoda, mlango wazi, maji vuguvugu, mpira wa oksijeni puani na feni ndogo ya mkononi ikimpuliza usoni. A-kim alimsugua kichwa ili mikono ya mzee ipumzike.

Katikati ya kuoga pumzi ilibana. Mzee akaanza kuinuka.

"Kaa, baba. Mimi nipo," Siok-hun alisema, akamsogezea feni. "Toa pumzi taratibu, kama unapoza supu. Hivyo hivyo. Tena."

Mabega yakashuka.

"Mwanamke, kucha zako kama za paka!" mzee alisema, sentensi nzima bila kutua.

A-kim aligeukia ukutani kuficha uso, akaendelea kusugua.

Mapafu hayakupona. Lakini mwezi uliofuata mzee alifika kliniki ananukia sabuni, nywele kazichana, akakaa karibu na mgonjwa mgeni aliyekuwa akihema na kumwonyesha namna ya kushika feni.

"Si hapo, bwana. Puani... huku! Mkeo anakuogesha wewe?"

Siok-hun aliwasikia kutoka ndani. Akawaacha wamalize kwanza, ndipo akamwita huyo mgeni.