Sabuni ya Vijidudu

Kaka yangu aliosha vipuri vya malori kwenye karakana moja Makambako, kwa petroli na maji ya kostiki, mpaka ngozi ya mikono yake ikaanza kupasuka. Tajiri wake alikuwa ameshamwambia, "Kijana, spana zinakuponyoka. Mikono ikiendelea hivi, rudi kwenu Wanging'ombe ukalime." Nyumbani tulimtegemea yeye. Nikaamua kumtengenezea sabuni isiyochoma.

Shule niliishia njiani. Nilikuwa na kamusi na kitabu kimoja cha vijidudu kisicho na jalada, nilichokipata sokoni kwenye mitumba. Kilisema wapo bakteria wanaokula mafuta na kutoa kitu kinachofanya kazi kama sabuni. Nikachota udongo mweusi chini ya malori, nikautia kwenye pipa la maji, nikawalisha bakteria mashapo ya mafuta ya alizeti. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, mashine za kukamua zimezagaa mjini, na mashapo yalimwagwa tu. Baridi ya Juni ikawalaza. Nikahamishia pipa jikoni, nikawapa hewa kwa pampu ya baiskeli.

Kila nikipampu, povu lilipanda. Usafi wangu unakera watu; niliona povu ni uchafu. Nililiengua kama povu la maharage, nikalimwaga nje. Maji yaliyobaki hayakuosha chochote. Nikaongeza hewa, povu likazidi, maji yakawa dhaifu zaidi. Nililia kwa hasira. Kisha nikaona jiwe la mlangoni, nilipokuwa nikimwaga povu, limetakata, grisi yote imetoka. Sabuni niliyokuwa naitafuta nilikuwa naitupa. Nikaanza kukusanya povu kwenye ndoo.

"Mtaalamu, leo sabuni au pombe ya ulanzi?" kaka alinitania akitoka kazini.

"Bado."

"Bado nini? Mbona inanuka tayari!"

"Wadudu wenyewe wamo humo, wazima. Lazima ichemshwe."

"Si uchemshe basi, mdogo wangu."

Sikuchemsha. Niliogopa moto ungeiua nguvu yake, na sikutaka kumpa kitu dhaifu. Nilitaka kwanza nijue moto wa kiasi gani, na kitabu hakikusema. Nikawa napasha kijiko kimoja kimoja, sikiamini, naanza upya.

Jumapili moja, sisi wengine tukiwa kanisani, kaka aliitwa karakana. Akabeba ile ndoo ya povu. Alirudi anacheka: giaboksi nzima imetakata, na hakuna kilichomchoma. Nikaitazama mikono yake, nyufa zote wazi kwa wadudu wale. Nilimnawisha kwa maji ya moto na chumvi. Haikusaidia. Mikono ikavimba, ikatoa usaha wa kijani. Hospitali walimkata vidole vya mkono wa kulia. Tajiri hakumrudisha kazini.

Povu lililobaki nililitia kwenye sufuria, nikalichemsha mpaka likatokota vizuri. Lilipopoa nikaoshea kipande cha chuma chenye grisi, kikatakata.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, mkono wenye bandeji kifuani.

"Vipi, moto umeiharibu?"

"Hapana," nikamwambia. "Iko vilevile."