Shemeji alinionyesha kichuguu chake cha uyoga

Wakuu humu ndani, hamjambo. Mimi ni mzee wa Wusi, shule niliachia darasa la tatu, herufi zikienda kombo mnivumilie. Haya nimeyaona kwa macho yangu.

Zamani nikikata mkonge huko chini Voi, kulikuwa na jamaa wa kutoka western, tukimuita Baba Akinyi. Alificha mtungi wake wa maji katikati ya mkonge. Na jua lile! Hata umlilie, hakuonyeshi. Nilimwona mchoyo kabisa.

Mkonge niliacha. Mgongo.

Sasa huku milimani uyoga ni kama ule mtungi. Mvua ikishika, unatoka kwa kichuguu, mweupe, mnene. Ukaange na kitunguu, uweke juu ya kimanga, zile ndizi na maharagwe za kuponda... wakuu, mbuzi akae kando.

Lakini kichuguu chako huonyeshi mtu. Ukimwonyesha, umempa. Kuanzia hapo ni chake, wewe hukanyagi pale tena.

Mimi nilikuwa na changu. Nikakivunja nikafanya matofali. Udongo wake ni mzuri sana kwa matofali, hapo sitadanganya.

Mwaka juzi mama watoto akaugua. Wiki mbili uji tu, na huo uji anausukuma. Mvua ilipoanza akasema, "Uyoga ningekula."

Nikaenda kwa kaka yake, Mwakio, ng'ambo ya bonde.

"Shemeji, nisaidie uyoga kidogo."

"Si uko na matofali? Kaanga hayo."

"Ni dada yako. Hali kitu."

Akachukua kikapu. "Twende. Atataka na kesho, na mimi niko mbali."

Kumbe kichuguu chenyewe kiko nyuma ya shamba langu! Miaka yote napita nikidhani ni kichaka.

"Usivute, zungusha," akasema. "Na wadogo uwaache."

Mama watoto alimaliza bakuli mbili. Leo anateka maji mwenyewe.

Funzo ni kwamba anayeficha si lazima awe mchoyo. Baba Akinyi, popote ulipo, nisamehe. Na nyinyi, kwenu uyoga una sheria gani? Andikeni hapo chini.

Siku ile kikapu kilipojaa, Mwakio alinishikisha, akapangusa mikono kwa suruali, akashuka na njia.

Nikamuita, "Shemeji, beba hata wa jioni!"

Hakugeuka. Mvua nne zimepita, na pale hajakanyaga tena.