Nilibeba Mizigo ya Watu, Mama Akaondoka

Kosa ni langu mwenyewe, na nalieleza hapa kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia. Mke wangu analijua, lakini hataki kulizungumza. Mama yangu halijui, na hilo ndilo linalonimaliza.

Mimi ni Mzanzibari, naishi Thamesmead, London. Niliondoka kwetu miaka ya tisini kwa mambo ya siasa, nikapewa hifadhi hapa. Ukiwa na hati ya ukimbizi unaruhusiwa kwenda nchi nyingi, ila si kule ulikokimbia. Basi nikakaa miaka minane bila kumwona mama.

Kiangazi kimoja dada yangu, yeye anaishi Copenhagen, akafanikiwa kumleta mama kwa miezi mitatu. Viza ya Uingereza haikupatikana, kwa hiyo wa kwenda nilikuwa mimi. Mama alikuwa mgonjwa wa macho. Jicho moja lilishakufa, na la pili daktari wa huko alisema limebakiza nuru kidogo na halina dawa. Akaniambia kwenye simu, "Njoo nikuone, mwanangu. Na mjukuu wangu nimwone japo mara moja, mengine namwachia Mungu."

Nilikuwa mlinzi katika duka moja kubwa Stratford, na likizo nilipata wiki ile ya mwisho tu. Niondoke Jumatatu, na Jumamosi saa nane mchana mama apande ndege kurudi Unguja. Hapakuwa na siku ya kuchezea!

Mke wangu akataka treni.

"Baba Salma, tunapanda asubuhi pale Waterloo, tunabadilisha mara mbili tatu, kesho yake tushafika. Salma atapata siku nne nzima na bibi yake."

"Treni? Na hii gari tumenunua ya nini?"

Acheni niseme ukweli. Ilikuwa gari ya viti saba, nilikuwa nayo miezi miwili tu, na nilitaka ionekane. Nilitaka nifike kwa dada nipige honi, watu wachungulie madirishani. Mtu mzima mimi, na ndevu zangu!

Halafu nikaongeza la pili. Ijumaa, tulipotoka msikitini, nikatangaza kwamba naenda Denmark kwa gari. Mnaotujua mnajua kilichofuata. Kwetu sisi msafiri hatoki mikono mitupu, kila mwenye ndugu huko aendako anampa kifurushi. Hadi Jumapili sebule yangu haikuwa na pa kukanyaga. Halua, kanga, udi, achari, dawa za mitishamba, na bibi mmoja akaleta cherehani nzima nimpelekee binti yake Hamburg. Sikumkataa hata mmoja. Walivyonisifu, jamani! Wengine walisema vijana wenye moyo kama wangu wamekwisha. Nikavimba kichwa.

"Hivi vyote tunavipeleka nyumba kwa nyumba?" mke wangu akauliza.

"Viko njiani vyote. Kila nyumba dakika kumi."

"Mswahili gani atakupa dakika kumi?"

Nikamcheka.

Jumatatu tukafika Antwerp, nyumba ya kwanza. Nilibisha hodi huku injini inanguruma nje. Mwenye nyumba akatoka, akaniangalia kama nimemtukana. "Yaani utoke London, ufike mlangoni kwangu, uondoke hujaonja hata maji?" Tukaingia. Biriani ikapikwa upya kwa ajili yetu. Tukaja kuondoka Jumanne baada ya chai.

Rotterdam mwenye mzigo alikuwa kazini, tukamngoja hadi jioni, naye akakasirika tulipotaja kuondoka. Jumatano mtu wa Amsterdam akanipigia, kasikia napita Uholanzi na ndani ya mzigo wa Rotterdam kuna kifurushi chake. Amsterdam haikuwa njiani kwangu! Nikasema nakuja.

Hapo ndipo mke wangu alipochoka.

"Kwani mtu akikwambia geuza urudi London utageuza?"

"Ni amana za watu, Mama Salma. Nimezipokea, lazima nizifikishe."

"Na mama yako si amana?"

Nikawasha redio. Huko Amsterdam nako tukalala.

Kila siku dada alikuwa akipiga simu. "Kaka, mko wapi? Mama anavaa tangu asubuhi, anakaa sebuleni mapazia wazi. Anasema mwangaza ule ndio anaonea vizuri." Nami kila siku namjibu tumekaribia.

Alhamisi jioni tukaingia Hamburg. Nilishaapa kwamba cherehani nakabidhi nikiwa nimesimama. Lakini mume wa yule binti alikuwa ameshaalika watu, waje kula kesho yake baada ya sala ya Ijumaa, wamwone mgeni kutoka London. Nitamwachaje na sufuria zake na wageni wake? Nikakaa. Wakaizunguka gari yangu wakiipigapiga bodi, wakauliza inakula mafuta kiasi gani, nami nikawaeleza nikicheka. Yaa Rabi! Nilikuwa nacheka!

Karamu ikavuta hadi usiku, tukaondoka Jumamosi alfajiri. Nilipiga hesabu zangu, nikaona mama nitamkuta nyumbani saa nne, tukae naye, tumsindikize.

Sikujua kwamba ile Jumamosi nusu ya Ujerumani inakwenda likizo. Tulipofika bandarini kwenye kivuko cha kuingilia Denmark, saa moja asubuhi, magari yalikuwa yamejipanga hadi macho yanapokomea, na juu ya kila gari baiskeli na mahema. Meli inakuja, inajaza, inaondoka, sisi tunasogea hatua chache. Nikashuka nikamwomba mtu wa bandari kwa Kiingereza, kwa mikono, karibu nipige magoti. Akanionyesha foleni.

Saa nne treni ikaja. Naapa nimeiona kwa macho yangu. Ikatupita taratibu pembeni, ikaingia ndani ya meli, mabehewa na abiria wake, watu wamekaa wanakunywa kahawa. Salma akauliza kwa Kiingereza chake, "Baba, kwa nini wao wanaingia na sisi hatuingii?" Mama yake akageuza uso dirishani. Afadhali angenitukana.

Saa tano dada akapiga, wanatoka kwenda uwanja wa ndege. Akampa mama simu.

"Mko wapi, mwanangu?"

"Tumezuiwa na foleni ya meli, mama."

"Masikini. Poleni na njaa. Mtoto amekula?"

Mtoto amekula! Siku tano tulikuwa tunakula! Nikasema, "Amekula, mama."

Saa tisa tulifika uwanjani. Dada alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi. Hakunipa hata mkono. Aliniambia mama alikataa kupelekwa ndani hadi dakika ya mwisho, kila akisikia hatua za mtu anauliza, "Ndiye huyo?"

Nilikuja kupata uraia miaka miwili baadaye, tukaenda Unguja, mimi, Salma na mama yake. Safari hiyo tulipanda ndege na sikubeba mzigo wa mtu. Lakini lile jicho la pili lilikuwa limeshazima. Mama alinipapasa uso, kisha akamvuta Salma, akampapasa pua na nywele, akaniuliza mtoto amefanana na nani. Nikasema amefanana na yeye. Akafurahi sana.

Halafu akaanza kuwahadithia majirani jinsi mwanawe alivyoteseka kwenye foleni ya meli na mtoto mdogo, alivyojitahidi amuwahi. Anawahadithia hadi leo, na kila baada ya sala ananiombea dua kwa taabu ile niliyoipata. Mke wangu akiyasikia kwenye simu hutoka nje. Nimejaribu mara tatu kumwambia ukweli, mdomo haufunguki. Sijui nifanye nini.

Ndugu zangu wa London, wa Copenhagen, wa popote! Kama kuna anayekusubiri na wakati wake unahesabika, panda kile kinachofika mapema, hata kama ni basi bovu. Mzigo mkatae mbele ya msikiti mzima, wakuseme, wakununie. Mimi hakuna aliyeninunia. Watu wote walipata vyao, na mama hakuniona.