Riziki, mwenye alifunga kikwembe kwenye goli

Tangu asubuhi nashika simu, naiweka, naishika tena. Bananiambia Riziki amekufa, na kichwa yangu inakataa. Siku nne nyuma alinitumia sauti akicheka!

Malaria. Siku tatu tu, basi.

Kwa wenye hamumujui: Riziki, mama Neema, muuza ndagala, bale samaki badogo ba kukausha, wa hapa Baraka. Rafiki yangu tangu tulikuwa batoto kwenye kambi ya bakimbizi Tanzania. Kama ulishapita sokoni ukasikia mwanamuke anabishana mupira kushinda banaume, ni yeye.

Ekipe yetu ya mupira munaijua. Ndogo, haina kitu. Akitokea muchezaji wa kweli, ekipe ya Uvira inamubeba. Sisi tunabaki na benye habana pa kwenda.

Ule mwaka wa vita tulibaki na kipa mumoja, Bahati. Kijana muzuri, anaimba kwaya, lakini mupira wa juu ulikuwa unamupita kama upepo. Na fainali na ekipe ya Nundu ilikuwa inakaribia.

Riziki alikuwa anageuza ndagala kwenye muchanga, akasema bila kuinua kichwa: "Kuko kipa kule milimani, Minembwe. Samweli. Nilimuona anacheza. Mikono yake inanata."

Bantu bote bakamugeukia. Kule juu vita ilikuwa inawaka. Tulikuwa tunapika huku tunasikia bunduki milimani. Kila upande ilikuwa na maiti yake ya kulia. Na yeye anataka tulete muntu wa kule, wa upande wenye tunapigana nao!

Papa Wilondja, mwenye kutengeneza pikipiki, akamuuliza: "Mama Neema, we unatafuta kipa ao unatafuta maneno?"

"Kipa, papa. Maneno tuko nayo mingi, na bado tunafungwa."

"Atatuuza ule!"

"Bahati anatutoa bure!"

Bantu bakacheka. Mi sikucheka. Leo niseme ukweli: nilikuwa upande ya Papa Wilondja. Kaka yangu alikufia ile vita. Nikamuambia Riziki mbele ya bamama: "Ule akikanyaga uwanja wetu, mi na we basi."

Siku kumi na moja tuliuza samaki tukipeana mugongo. Hata chumvi sikumuomba.

Kochi alichoka na kelele, akamuita Samweli. Alishuka na pikipiki, glovu zake zimepasuka. Riziki akazishona na uzi ya wavu.

Siku ya fainali uwanja ulijaa lakini hakuna mwenye aliimba. Nyuma ya goli ya Samweli bantu betu balisimama karibu sana. Nilisikia mumoja anasema: "Afungwe tu. Ataona."

Riziki naye alisikia.

Akamutoa mutoto wake Neema mugongoni. Bamama tulikuwa wengi pale, lakini alikuja kwangu, mi mwenye sikumusalimia siku kumi na moja, akamuweka Neema kwenye mapaja yangu. Akaenda na kile kikwembe, kitambaa chenye alikuwa anamubebea, akakifunga kwenye mulingoti ya goli.

Huku kwetu kikwembe chenye kimebeba mutoto hakichezewi. Mama akikufungia, anasema: huyu nilimubeba mugongoni. Ukimupiga, umepiga tumbo yangu.

Kochi akapaza sauti: "Mama, refa atakataa hiyo!" Refa akaangalia kikwembe, akaangalia Riziki, akapuliza filimbi mupira uanze.

Samweli alidaka yote. Ya juu, ya chini, ile ya penalti tukashika vichwa! Kisha, karibu na mwisho, kona. Mupira ukamutoka mikononi. Nundu moja, sisi zero.

Bantu bakaingia uwanjani. Niliona mawe.

Riziki alikuwa amefika mbele yao. Alikaa chini ndani ya goli, miguu amenyoosha, kama vile anageuza ndagala. "Mukuje," akasema. "Muanzie hapa."

Alikuwa peke yake, rafiki zangu. Peke yake!

Sijui miguu yangu ilitoka wapi. Neema nilimuachia shangazi yangu, nikamutoa mutoto wangu Asifiwe mugongoni, naye nikamuachia, nikafunga kikwembe yangu kwenye mulingoti ya pili. Fundo ikakataa, ikafunguka. Riziki akasema polepole: "Zungusha mara mbili." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu kisha siku kumi na moja.

Bamama bengine bakakuja. Mawe ikaanguka, moja, moja.

Tulipoteza ile fainali. Samweli alirudi kwao muzima.

Papa Wilondja alikuja sokoni kesho yake, akainama juu ya ndagala: "Lakini ile penalti... Bahati angeifunga mwenyewe." Riziki akamupimia samaki, akaongeza zingine za kujaza mukono, bure.

Sasa musikilize. Kesho tunazika. Samweli amenipigia, iko njiani anashuka. Tangu siku ile anamuita Riziki mama.

Munajua barabara. Munajua mabarieri, pale banasimamisha bantu na kuuliza unatoka wapi. Na kuko benye bameanza kuandika mubaya juu yake hapa chini ya ujumbe wangu, nawasoma. Nawaomba, mi mwenye nilisema mubaya mbele yenu: kama iko ndugu yako kwenye barieri yoyote, mupigie leo. Aseme tu, huyu anakwenda kuzika mama yake. Amuache apite.

Kile kikwembe cha Riziki iko kwangu, rangi imekwisha lakini kitambaa iko nguvu. Asubuhi na mapema nitakifunga kwenye muti ya barieri ya kuingia Baraka, na nitakaa chini yake mpaka nione ile pikipiki. Bamama, najua mutakuja.

Papa Wilondja amenitumia ujumbe sasa hivi: "Nitakuwa pale. Nakuja na kiti yangu."

Riziki wangu, Neema iko tena kwenye mapaja yangu. Safari hii simurudishi. Lala, dada, usisikilize tena milima. Mulango tunaulinda, na fundo nitaizungusha mara mbili.