Masikio ya Viboko wa Ruvu

Siku niliyoanza kazi ya uaskari wa wanyama nilipewa kaptula ya serikali iliyonizidi kiuno. Nikaifunga kwa kamba ya ukindu, nikatoka nje ya boma la Kisarawe nikitembea kama mtu aliyeoa jana. Hiyo ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka mingi kabla ya vita vya pili. Nilikuwa kijana wa Marui, elimu yangu darasa la nne, na hata hayo manne niliyapata kwa fimbo, maana mwalimu akiandika hesabu ubaoni mimi nachora mbuzi kwenye kibao changu.

Siku hizo kila mkubwa wa serikali tulimwita kwa kazi yake. Wa kilimo aliitwa Bwana Shamba, wa mashauri Bwana Shauri, na wetu sisi Bwana Nyama, ingawa sikuwahi kumwona akila nyama. Alipenda ndizi mbivu na karanga. Alikuwa Mwingereza mrefu aliyejifunza Kiswahili cha Unguja, akikisema polepole kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Unajua kuhesabu, Kondo?" akaniuliza.

"Najua, Bwana. Hata kugawanya."

"Kugawanya hatutahitaji. Wanyama hawagawanyiki."

Pembeni alisimama Askari Mkuu, mzee mfupi wa Kikwere aliyekuwa mkubwa wetu sisi askari wote. Akanitazama kuanzia kamba ya ukindu mpaka miguu peku, akasema, "Huyu ana macho ya ndoto. Mpeleke mtoni, Bwana. Akilala huko, viboko watamwamsha."

Basi kituo changu cha kwanza kikawa Ruvu, upande wa Kibaha, kwenye banda la makuti karibu na kilindi, yaani pale mto unapokuwa na kina kirefu na maji yanatulia. Hapo ndipo viboko walipokuwa wakishinda mchana kutwa. Kwangu ilikuwa kama kurudi nyumbani, kwa kuwa shangazi yangu Mwamvua aliolewa kijiji cha hapohapo na alilima mpunga kwenye bonde lililo karibu. Shangazi alinipokea kwa wali na kwa malalamiko, vyote kwenye sinia moja.

"Umekuja na bunduki?"

"Sina bunduki, shangazi. Nimekuja kuhesabu."

"Kuhesabu! Mimi wananila, mwanangu anakuja kuwahesabu! Wahesabu basi, ujue nadhulumiwa na wangapi."

Amri ya Bwana Nyama ilikuwa fupi: nimwandikie viboko wa pale kilindini ni wangapi. Askari Mkuu alitakiwa anifundishe, lakini wiki ile homa ilimlaza Kisarawe. Nikajifundisha mwenyewe. Nilijaza mfuko wa kushoto wa kaptula vijiwe vya mtoni. Kila kichwa kikiibuka majini, nahamisha kijiwe kimoja kwenda mfuko wa kulia. Nilikaa tangu asubuhi mpaka jua la utosi, sikusinzia hata kidogo. Nilipomaliza, mfuko wa kulia ulikuwa na vijiwe sitini na vitatu na kaptula inataka kudondoka. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Viboko sitini na watatu." Nikampa mtu wa treni barua aifikishe.

Ninyi vijana mnaosoma haya huenda mmeshaligundua kosa langu. Mimi sikuligundua kwa mwezi mzima.

Mwezi huo niliufurahia kuliko kawaida. Kulikuwa na ndama mmoja aliyekuwa akipanda mgongo wa mama yake akaota jua, mama akizama bila kumpa taarifa, naye hupotea na kuibuka akipiga chafya. Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka wachota maji wakaniuliza kama ni mzima.

Kisha ikaja barua ya Bwana Nyama. Ilisema kwamba Jumbe, mkuu wa kijiji, amepeleka kilio cha wakulima. Kwamba viboko sitini na watatu ni wengi mno kwa kilindi kile. Na kwamba amepata kibali cha kupunguza arobaini. Atafika baada ya siku nane, na bunduki. Nilimsomea shangazi, akapiga vigelegele. Mimi roho iliniuma, lakini nikajipa moyo: watabaki ishirini na watatu, na labda ndama wangu atakuwa miongoni mwao.

"Twende mtoni," shangazi akasema. "Nikuonyeshe mwizi wangu, ili Bwana aanze na huyo."

Tukaenda. Hatukukaa sana, kichwa kikaibuka karibu na mafunjo. Shangazi akanyoosha kidole. "Huyo! Namjua kama ninavyomjua mke mwenzangu. Tazama sikio lake la kushoto, kama kisamvu kilicholiwa na panzi."

Kichwa kikazama. Baada ya muda kikaibuka kichwa kule ng'ambo.

"Huyo tena," akasema.

"Huyo mwingine, shangazi."

"Mwingine wa wapi? Sikio si lilelile? We Kondo! Mbuzi wangu mmoja ukimwona asubuhi, ukamwona adhuhuri, ukamwona alasiri, mimi nina mbuzi watatu?"

Nikatazama mfuko wangu wa kulia kana kwamba vile vijiwe bado vimo. Kiboko hawezi kukaa chini ya maji hata muda wa kuchemsha yai. Lazima apande kuvuta pumzi. Mimi nusu siku nzima nilikuwa nikihesabu wale wale wakipanda na kushuka. Niliwatazama upya kwa macho ya shangazi, sikio kwa sikio, na jioni nikawa na hakika kwamba hawafiki ishirini. Na kibali kilisema arobaini. Maana yake wangekufa wote, na ndama, na bado Bwana angekaa ukingoni akiwasubiri wengine, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri.

Askari Mkuu alikuwa ameshapona na kufika Ruvu. Nilimweleza nikiwa nimeinamisha kichwa. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Aliyeandika ndiye afute," akasema. "Lakini Bwana yule hafuti kwa maneno. Anataka ushahidi. Mpe kitu cha kushika mkononi."

Kitu pekee nilichokuwa nacho ni daftari, na ule mkono uliozoea kuchora mbuzi. Nikakaa ukingoni siku saba. Kila kiboko nilimpa ukurasa na namba. Nilichora sikio la kushoto na la kulia, kila mpasuko na kila tundu, maana hupigana na kung'atana, na sikio likishachanika halirudi kama zamani. Nilichora makovu ya mgongoni. Niliweka alama penye madoa mekundu usoni, ambayo kila mmoja anayo kwa namna yake. Hizi tuliziita alama za kumtambulia mnyama. Kanuni yake, ambayo nilikuja kuifundisha kwa wengi, ni hii: usiamini alama moja, tafuta tatu. Sikio laweza kufunikwa na tope, kovu laweza kuwa ndani ya maji. Zikikubaliana tatu, huyo ni yeye.

Mwizi wa shangazi nilimpa namba saba. Na ndipo nilipogundua kwamba namba saba ndiye mama wa yule ndama.

Siku ya nane Bwana Nyama akashuka kwenye treni na bunduki yake na darubini. Ukingoni watu walikuwa wamejaa, Jumbe mbele na kanzu yake nyeupe. Nikasogea.

"Bwana, ile hesabu yangu ni ya uongo. Ni kumi na tisa."

"Kondo, nimewaandikia wakubwa sitini na watatu. Arobaini na wanne wamekwenda wapi? Wamepanda treni?"

Watu wakaangua kicheko. Nikampa daftari kwa mikono miwili. "Bwana, shika hili. Mimi nitageukia mto. Kila atakayeibuka nitakuambia namba yake, wewe utazame kwa darubini na kwenye karatasi. Ukimpata mmoja ambaye hayumo humo, mimi navua kaptula hii hapa hapa."

"Usivue," akasema Bwana Nyama. "Kuna akina mama." Lakini akakaa chini, akafungua daftari.

Kikaibuka kichwa. "Namba kumi na moja," nikasema. "Sikio la kulia zima, la kushoto lina tundu, doa jekundu chini ya jicho." Bwana akatazama, akafunua, akatia alama. Kikaibuka kingine, namba mbili. Kingine, namba kumi na tisa, dume lenye meno yaliyopishana. Wengine walirudi mara nne, mara tano, na kila mara namba ikawa ileile. Jumbe akaanza kunong'ona, "Huyu kijana ana dawa." Jua likapanda. Kurasa zote kumi na tisa zikawa na alama, na bado hakuna mgeni.

Ndipo kikaibuka kichwa katikati ya kilindi, na sikio lake la kulia lilikuwa refu, limechongoka, halifanani na lolote nililolichora.

"Huyu?" akauliza Bwana Nyama.

Nilitafuta kovu, limo majini. Nilitafuta doa, uso umegeukia ng'ambo. Bwana alifunua daftari mbele na nyuma, kisha akalifunga taratibu. Jumbe akasema, "Si niliwaambia? Wako wengi, wanajificha." Na Bwana akanyoosha mkono kuchukua bunduki.

"Jani hilo!" Ilikuwa sauti ya shangazi Mwamvua. Alikuwa amesimama, kanga kiunoni, mkono juu. "Kanasa jani la yungiyungi sikioni! Huyo ni yule mzee wenu wa meno mabaya! Bwana, mtazame vizuri, usinitie dhambi!"

Kiboko akatikisa masikio kama wanavyofanya siku zote wakitoka majini. Jani likaruka, likaelea pembeni. Akageuka, akapiga mwayo, na yale meno yaliyopishana yakang'aa juani. Namba kumi na tisa.

Ukingo wote ulilipuka kwa kicheko. Bwana Nyama alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Alipotulia akamgeukia shangazi. "Mama, ninyi wakulima ndio mliotaka wapigwe. Mbona unawatetea?"

"Siwatetei," akasema shangazi, bado ana hasira. "Nawachukia. Lakini nawajua."

Bwana akatoa risasi kwenye bunduki, moja moja, akazitia mfukoni. Kisha akaniambia nikae chini niandike barua kwa wakubwa, kwa mwandiko wangu uleule mzuri, naye atatia sahihi chini yangu. Aliniambia neno la kuanzia, na sijalisahau mpaka leo: "Nilihesabu vichwa, sikuhesabu viboko."

Mpunga wa shangazi nao haukusahauliwa. Askari Mkuu alieleza jambo ambalo wazee wa Kikwere walilijua: kiboko ana miguu mifupi na tumbo zito, mtaro wenye kingo zilizosimama hauvuki. Bwana Nyama akaleta mzigo wa majembe, na kijiji kizima tukachimba, mimi nikiwa wa kwanza kushuka mtaroni, shangazi akisimamia juu: "Chimba, Kondo! Chimba mara moja, usichimbe palepale mara sitini!" Mwaka ule alivuna. Namba saba alikuwa akifika mpaka ukingo wa mtaro, tunaziona nyayo zake asubuhi, kisha anarudi kwenye majani yake.

Baada ya Ruvu nilihamishwa mara nyingi. Nilikaa Marui kwetu, nikajifunza kumtambua tembo kwa nyufa za nyayo zake, maana unyayo wa tembo umepasukapasuka kama udongo wa kiangazi, na hakuna wawili waliopasuka sawa. Nilikaa misitu ya vilima vya Kisarawe nikitazama mbega, kila mkia mweupe na kasoro yake. Mabwana Nyama walibadilika, mmoja mkali, mmoja mlevi wa chai, mmoja aliyeogopa popo. Vijana wapya wakija na vijiwe mifukoni niliwaacha wahesabu siku ya kwanza. Siku ya pili nilikuwa nawapa penseli.

Niliporudisha kaptula ya serikali ilikuwa imeshanikaa sawasawa kiunoni. Watu huniuliza kama nilipata faida. Mimi huwaambia kwamba nimekutana na maelfu ya wanyama, na wengi wao niliwafahamu mmoja mmoja. Hata binadamu wenzangu nikiwaona wamejaa gulioni, siwezi kuona umati. Naona pua ya huyu, mwendo wa yule. Hiyo ndiyo pensheni yangu ya pili.

Juzi nilikwenda Ruvu kumwamkia shangazi. Mgongo wake umepinda, mpunga bado analima, mtaro bado upo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kula au umekuja kuhesabu?"

"Vyote."

Tulishuka mtoni asubuhi, taratibu, ameniegemea. Maji yalikuwa kimya. Kisha karibu na mafunjo kikaibuka kichwa kikubwa, kimezeeka, na sikio la kushoto kama kisamvu kilicholiwa na panzi. Shangazi akanibana mkono.

"Mwizi wangu! Hajafa tu?"

"Hajafa, shangazi."

Alimtazama sana, mpaka alipozama na mawimbi yakaisha. Kisha akaibuka tena kule ng'ambo, akipuliza maji, na shangazi akacheka kwa meno yake mawili yaliyobaki.

"Haya, mhesabu," akasema. "Lakini mara moja tu."